Kusimamia si Kuchungulia: Kompyuta ya Kazini na Siri za Nyumbani

SAA moja na nusu ya asubuhi, wakati wingu bado limeufunika Mlima Meru, daladala kutoka Tengeru, Usa River na Ngaramtoni huwa zimekwisha kuwashusha wafanyakazi wa Arusha katikati ya mji. Mmoja hushika njia ya Mnara wa Saa, mwingine huteremka Barabara ya Sokoine, mwingine huelekea Njiro au Unga Limited. Haipiti nusu saa, wengi wao huwa wameketi mbele ya kompyuta. Karani wa kampuni ya utalii anajibu barua za wageni, mhasibu anajaza hesabu za jana, mpokeaji wageni wa hoteli anaandika majina, na mtunza ghala wa shamba la maua anahesabu makasha yanayongojwa uwanja wa ndege.

Ndugu msomaji, yumkini wewe u mmoja wao. Na kama si wewe, basi ni mumeo, mkeo au binti yako. Leo tunakuuliza swali moja ambalo aghalabu haliulizwi siku ya kuanza kazi. Je, unamjua mtu mwingine anayekitazama kioo cha kompyuta hiyo pamoja nawe?

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe ili usimguse mtu yeyote, lakini aliyewahi kufanya kazi ofisini hatauona kuwa mgeni. Karani mmoja, mama wa watoto wawili akaaye Sakina, ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja ambao umekuwa ukiongezwa kila ufikapo mwisho. Siku moja wakati wa chakula cha mchana anafungua barua pepe yake binafsi katika kompyuta ya ofisi. Anamwandikia dada yake aliyeko Moshi kwamba amegundua ni mjamzito, kwamba daktari amemwonya juu ya shinikizo la damu, na kwamba huenda akatakiwa kupumzika miezi miwili. Hajamwambia mtu mwingine yeyote, hata mumewe anangoja kumweleza jioni. Baada ya juma moja meneja anamwita na kumwambia kwa upole, "Dada, naona afya yako siku hizi haikuruhusu kazi nzito. Mkataba wako ukiisha mwezi ujao, nenda ukapumzike."

Yule mama anatoka mle chumbani ameduwaa. Anajiuliza ni jirani yupi aliyesema. Anamshuku dada yake. Nyumbani kunazuka maneno, kwa maana mume naye anauliza imekuwaje mambo ya unyumba yafahamike ofisini kabla yake. Hakuna hata mmoja anayeishuku mashine iliyo juu ya meza, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mashine ile ina programu inayopiga picha ya kioo kila baada ya dakika chache na kumpelekea mkubwa.

Ni nani mwenye kosa hapa? Mwajiri atasema: kompyuta ni yangu, umeme ni wangu, na saa za kazi nazilipia. Mfanyakazi atasema: mwili ni wangu, na mimba ni yangu na mume wangu. Kila mmoja amesema kweli. Shida ni kwamba kweli hizi mbili zimekutana katika kioo kimoja, na hakuna aliyekaa mapema kuwekea mpaka kati yake. Katika makala hii tutajaribu kuuonyesha mpaka huo ulipo, maana kusimamia kazi ni jambo moja na kuchungulia maisha ya mtu ni jambo jingine.

KUTOKA KIPANDE HADI KOMPYUTA

Kumfuatilia mfanyakazi hakukuanza na umeme. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi enzi za Tanganyika wanaikumbuka kadi iliyoitwa kipande. Mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa, siku hiyo ilitiwa alama katika kadi. Zilipotimia siku 30 ndipo alipolipwa mshahara wake. Nyapara alikuwa akitembea baina ya mistari ya mkonge akiona nani anakata na nani ameketi. Katika nchi jirani ya Kenya, kipande kilikuwa kizito zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua hati yenye alama za vidole vyake, na wengi waliivaa shingoni katika kijaluba cha bati.

Hata hivyo, nyapara alikuwa na kasoro moja iliyomfaa mfanyakazi, nayo ni kwamba alionekana. Mfanyakazi alijua yuko wapi, anatazama nini, na jioni alijua kwamba nyapara amekwenda kulala. Hakuweza kuufuata moyo wa mtu hadi kibandani kwake.

Baada ya uhuru suala la heshima ya mfanyakazi mbele ya mkubwa wake lilizungumzwa waziwazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakanya viongozi kuwa na kiburi, ubadhirifu na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliushika Mwongozo huo mkononi walipowakabili mameneja waliowadharau. Walichokuwa wakikidai hakikuwa mshahara peke yake. Walidai kutendewa kama watu.

Wakati huo kompyuta zilikuwa chache mno. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, na mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuenea katika ofisi za kawaida. Hivyo kizazi kimoja tu kimetosha kutupeleka kutoka daftari la mahudhurio lililowekwa mlangoni hadi kwenye mashine inayoweza kukumbuka kila herufi uliyoiandika. Vyombo vimebadilika upesi kuliko desturi zetu.

MASHINE INAONA NINI?

Watu wengi huamini ama kwamba kompyuta haioni chochote, ama kwamba inaona kila kitu. Yote mawili si sahihi, na ni vizuri kuelewa.

Kwanza, barua pepe ya ofisi, yaani ile yenye jina la kampuni mwishoni, hupitia katika seva ya kampuni na nakala yake hubaki huko. Ukiifuta katika kompyuta yako, umeifuta mbele ya macho yako tu. Msimamizi wa mitambo anaweza kuitoa tena hata baada ya miezi.

Pili, mtandao wa ofisi, pamoja na ule usio na waya unaoutumia kwa simu yako, unaweza kuweka kumbukumbu ya tovuti unazozitembelea na saa ulizozitembelea. Kwa tovuti nyingi za siku hizi yaliyomo ndani hufungwa kwa maandishi ya siri, hivyo mwenye mtandao huona umekwenda benki au hospitali lakini haoni ulichosoma. Ni kama mlinzi wa lango anayeona umeingia nyumba ipi bila kusikia maongezi yake. Lakini kufuli hilo laweza kufunguliwa endapo kompyuta yenyewe ni ya kampuni na imetayarishwa kwa kusudi hilo.

Tatu, ziko programu zinazowekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Nyingine hupiga picha ya kioo, nyingine huandika kila kitufe kilichobonyezwa, nyingine huhesabu dakika ambazo kipanya hakikusogezwa na kumwita mwenye kompyuta mvivu. Kwa programu za namna hii hakuna siri inayobaki, hata ukitumia barua yako binafsi au ukifungua WhatsApp katika kompyuta, kwa sababu husoma kile kile unachokisoma wewe. Neno lako la siri la benki nalo laweza kunaswa humo.

Nne, kompyuta huhifadhi mambo ambayo hakuna aliyeiamuru kuyahifadhi. Ukikubali ikukumbukie neno la siri, kesho anayekalia kiti chako huingia katika barua zako bila kubisha hodi.

Programu hizi zilienea sana ulimwenguni tangu mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Uviko-19 ulipowafanya mamilioni ya watu wafanyie kazi nyumbani na waajiri wao wakaingiwa na wasiwasi kwamba watu wamelala. Ugonjwa ulitulia, lakini programu nyingi zilibaki.

MWAJIRI NAYE ANA HAKI

Haitakuwa haki kumchora mwajiri kama adui. Mji wetu unaishi kwa utalii, na kampuni ya utalii hushika nakala za hati za kusafiria za wageni, namba za kadi zao za benki na ratiba za safari zao. Karani mmoja mzembe akifungua barua ya matapeli, mgeni huibiwa na jina la kampuni huharibika. Karani mwingine asiye mwaminifu huweza kuwahamishia wateja kwenye biashara ya shemeji yake. Wapo pia wanaotumia saa za kazi kucheza kamari mtandaoni huku foleni ya wateja ikirefuka. Mwenye mali ana haki ya kuilinda, na mwenye kulipa mshahara ana haki ya kujua kama kazi inafanyika.

Tunao mfano mzuri wa ufuatiliaji usiomuudhi mtu. Mabasi ya abiria yanayosafiri mikoani yamefungwa vifaa vya VTS vinavyoiwezesha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kuona mwendo wake barabarani. Dereva anajua kwamba kifaa kipo. Abiria anajua. Kila mtu anajua sababu yake ni ajali, na kifaa kinapima mwendo wa basi, hakisikilizi dereva anaongea nini na mkewe kwa simu kituoni. Hiyo ndiyo sura ya kusimamia: kuna sababu inayotajika, kuna uwazi, na kuna kikomo.

Linganisha na yule meneja wa mfano wetu. Sababu hakuitaja, uwazi haukuwapo, na kikomo hakikuwapo. Alikuwa akitafuta wazembe, akapata mimba ya mtu.

Wapo watakaosema, "Asiye na hatia ana hofu gani?" Msemo huu husikika sana, lakini hauna uzito mkubwa ukiutazama karibu. Mtu anayeoga hana hatia yoyote, lakini hufunga mlango. Mume na mke wanaozungumza ada ya shule usiku hawapangi wizi, lakini huteremsha sauti ili mgeni aliye sebuleni asisikie. Faragha haikuwekwa kwa ajili ya kuficha uovu. Imewekwa kwa sababu mtu ana mambo ambayo yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua atamwambia nani na lini.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa ndipo wafanyakazi wengi, na waajiri pia, wanapotakiwa kujielimisha.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inatambua kwamba kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Ibara hiyo ni sehemu ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ina umuhimu wa pekee kwetu. Mji wa Arusha ndio makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lakini Mkataba wa Afrika wa mwaka 1981 unaosimamiwa na mahakama hiyo hauna ibara inayoitaja faragha kwa jina lake. Basi kwa jambo hili Katiba yetu imekwenda mbali zaidi.

Kwa muda mrefu ibara hiyo haikuwa na sheria ya kuifafanua. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili, 2024. Kenya na Uganda zilitangulia kutunga sheria zao mwaka 2019.

Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya kompyuta za kazini peke yake, lakini inazihusu. Inamtaka mtu anayekusanya taarifa za watu ajiandikishe kwa Tume. Akusanye kwa sababu halali na inayojulikana. Asikusanye zaidi ya anachohitaji. Asizitumie kwa jambo jingine. Asizikalie kupita muda unaohitajika. Na azitunze zisivuje. Inamtaka pia amfahamishe mhusika kabla ya kuzikusanya. Taarifa za afya, alama za vidole na nyingine za namna hiyo imezipa ulinzi mkali zaidi kwa kuziita taarifa nyeti. Mtu amepewa haki ya kuuliza taarifa gani zake zimehifadhiwa, kutaka zisahihishwe, kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, na kudai fidia anapodhurika.

Kadhalika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaona kuwa ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta au kunasa mawasiliano ya mtu kinyume cha sheria. Mkubwa wa kazi anayechukua neno la siri lililosahauliwa katika kompyuta na kuingia katika barua binafsi za mfanyakazi asidhani kwamba cheo chake ni kinga.

Lakini mfanyakazi naye asikilize upande wa pili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ya mwaka huo huo wa 2015, inaruhusu barua pepe na kumbukumbu za kompyuta kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Ulichokiandika katika barua ya ofisi, yakiwamo matusi kwa wateja au mipango ya kuhamisha mali ya kampuni, chaweza kusomwa mbele yako.

Turudi sasa kwa karani wetu wa Sakina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na kumwachisha kazi kwa sababu hiyo si halali. Inasema pia kwamba kukataa kuongeza mkataba wa muda maalumu kwaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa, endapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya kutarajia kuongezewa. Angeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ijulikanayo kama CMA, na kujaza fomu ya mgogoro ndani ya siku 30. Lakini atathibitishaje kwamba meneja alijua habari za mimba? Hakumwambia, wala hajui kwamba barua yake ilisomwa. Ubaya wa kuchungulia kwa siri uko hapo. Humwondolea mtu faragha yake, na papo hapo humnyima njia ya kujitetea.

YALIYOTOKEA UGENINI

Nchi za Ulaya zimepambana na jambo hili kabla yetu, na mafunzo yake yanatufaa.

Huko Romania, mhandisi mmoja aliyesimamia mauzo aliambiwa na mwajiri wake afungue akaunti ya ujumbe ya Yahoo Messenger kwa ajili ya wateja. Mwaka 2007 mwajiri alimwonyesha kurasa 45 za mazungumzo yake, yakiwamo aliyozungumza na ndugu yake na mchumba wake juu ya mambo ya ndani kabisa, kisha akamfukuza kazi. Kampuni ilikuwa imekataza matumizi binafsi ya vifaa vyake. Mhandisi alishindwa katika mahakama za nchi yake, akashindwa pia mara ya kwanza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2016. Hakukata tamaa. Majaji 17 wa baraza kuu la mahakama hiyo walilisikiliza upya, na tarehe 5 Septemba, 2017, kwa kura 11 dhidi ya 6, wakaamua kwamba haki yake ya maisha binafsi haikulindwa.

Mahakama hiyo haikusema kwamba mwajiri haruhusiwi kufuatilia. Ilisema yapo maswali ya kuulizwa. Je, mfanyakazi aliarifiwa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani? Sababu ilikuwa nini? Je, hakukuwa na njia nyepesi zaidi kuliko kusoma maneno yenyewe? Kukataza matumizi binafsi peke yake hakuyafuti maisha ya mtu awapo kazini.

Mfano wa pili unatoka Ujerumani. Katika kituo cha kampuni ya nguo ya H&M mjini Nürnberg, wasimamizi walikuwa wakiwakaribisha kwa maongezi wafanyakazi waliorudi kutoka likizo au ugonjwa. Maongezi hayo, pamoja na porojo za ukumbini, yaliandikwa katika kompyuta: nani anaumwa nini, nani ana matatizo ya nyumbani, nani anaamini nini. Wakubwa hadi 50 waliweza kuyasoma. Mwaka 2019 kosa dogo la mitambo liliyaacha wazi kwa saa kadhaa, na kampuni nzima ikaweza kuyaona. Mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Hamburg iliitoza kampuni hiyo faini ya zaidi ya Euro milioni 35. Tazama kwamba hapo hapakuwa na programu ya kijasusi. Palikuwa na udaku wa kawaida uliopewa kabati lisilosahau.

KOMPYUTA INAPOKUJA NYUMBANI

Jambo hili linaihusu familia nzima, kwa sababu kompyuta ya siku hizi haikai ofisini. Baba hurudi nayo Njiro ikiwa katika mkoba. Baada ya chakula mtoto wa darasa la sita huiomba afanye zoezi la hesabu. Mama huitumia kupeleka picha za ubatizo kwa bibi. Shemeji huingia katika akaunti yake ya benki mara moja tu. Ikiwa programu ya kufuatilia imo ndani yake, haitambui kwamba sasa ni saa mbili usiku na kwamba anayeandika ni mtoto. Mwajiri ambaye mkataba wake ni na mtu mmoja hujikuta ameingia katika nyumba ya watu watano, na wanne kati yao hakuna waliyemwahidi kitu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa familia ni mwepesi: chombo cha kazi kiwe cha kazi. Kama uwezo unaruhusu, watoto wawe na chombo kingine, hata kikiwa cha zamani. Kamera ya kompyuta ya ofisi ifunikwe isipotumika. Mambo ya hospitali, ya benki na ya unyumba yafanywe katika simu yako, tena kwa kifurushi chako na si kwa mtandao wa ofisi. Ukilazimika kufungua barua yako binafsi kazini, toka kabisa umalizapo, wala usikubali kompyuta ikutunzie neno la siri.

TUFANYE NINI?

Tahadhari za mfanyakazi hazitoshi kama mahali pa kazi hapana utaratibu. Mwajiri mwema hahitaji wanasheria wengi. Karatasi moja ya Kiswahili fasaha inatosha kuanzia, ieleze mambo haya: vifaa vya kazi vinafuatiliwa au havifuatiliwi, kinachotazamwa ni nini na kwa sababu gani, ni nani mwenye ruhusa ya kutazama, kumbukumbu zinatunzwa muda gani, na matumizi madogo binafsi yanaruhusiwa kwa kiasi gani. Karatasi hiyo isomwe siku ya kuajiriwa, iwekwe sahihi, na nakala apewe mfanyakazi. Mwajiri aanze na njia nyepesi. Kama tatizo ni kamari, azifunge tovuti za kamari. Hana haja ya kupiga picha za kila kioo. Na akikutana na siri ya mtu bila kukusudia, aifunge na kuiacha hapo hapo.

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi nao wana kazi. Mara nyingi mikataba ya hali bora huzungumzia mishahara, likizo na matibabu. Ni wakati sasa kuongeza kifungu cha kompyuta na kamera, kujadiliwa mezani kabla programu haijanunuliwa. Mfanyakazi mmoja akiuliza peke yake huonekana ana jambo analolificha. Tawi zima likiuliza, ni utaratibu.

Ukiona kwamba taarifa zako zimechukuliwa au kutumiwa isivyo halali, andika tarehe, tunza ujumbe na barua ulizopewa, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiachishwa kazi kwa sababu hiyo, kumbuka CMA na zile siku 30. Siku hizo huisha upesi kwa mtu anayelia nyumbani.

Laiti karatasi ile moja ingalikuwapo katika ofisi ya mfano wetu, yule mama angalijua. Angaliandika kwa simu yake, mumewe angalisikia habari kutoka kinywani mwake, na meneja angaliambiwa siku ambayo mama mwenyewe angaliona inafaa, akiwa na cheti cha daktari mkononi na sheria nyuma yake. Kazi isingaliharibika kwa lolote.

Kesho ni Jumatatu, ndugu msomaji. Utashuka katika daladala na kuketi mbele ya kioo kile kile. Kabla hujaandika neno la kwanza, mwendee anayehusika umuulize kwa adabu: kompyuta hii inafuatiliwaje, na kwa sababu gani? Mwajiri anayesimamia kazi kwa haki atakuwa na jibu. Asipokuwa nalo, swali lako litakuwa limemkumbusha kulitafuta.